Nyonga mbili za bandia, vifaa vile vile, moja inakunja nyingine inagoma

Nianze na nyota maana najua wengi mnaruka moja kwa moja hadi hapo. Nyonga ya kulia tano kati ya tano, ya kushoto tatu, na hizo tatu ni kwa heshima ya maumivu ya zamani kuisha, bila hivyo ningeipa mbili. Na kabla hamjauliza ni kampuni gani na kampuni gani: vifaa ni vya aina moja pande zote. Kikombe cha titani kilichobanwa kwenye fupanyonga, ndani yake bitana ya plastiki ngumu, kichwa cha seramiki cha milimita 32, na shina la titani lililozamishwa ndani ya mfupa wa paja bila simenti. Mwili mmoja, mwenye mwili mmoja, mazoezi yale yale. Kilichotofautiana ni jinsi vitu vilivyokaa mle ndani, yaani pembe, kwa hiyo rivyu hii ni ya pembe. Watu wakienda kufanyiwa hii operesheni wanauliza chuma kimetengenezwa nchi gani na kitadumu miaka mingapi, sijasikia mtu anauliza kikombe kitaangalia wapi, na mi nadhani hilo ndo swali la kwanza.

Tofauti naiona kila asubuhi. Kulia naweka mguu juu ya goti navaa soksi, nainama kufunga kamba za viatu, nakaa kiti kifupi nainuka, kuchuchumaa nusu pia naweza ingawa sijilazimishi. Kushoto nikivuta goti kuja kifuani kuna mahali inafika inasimama tu, na sio ule mkazo wa misuli ambao ukiuvumilia unaachia, hapana, ni kitu kigumu kimekutana na kitu kigumu, na nikiendelea kusukuma huku goti limelala kwa ndani napata ile hisia mbaya kwamba kiungo kinataka kuhama. Afu kuna kinena. Kunyanyua mguu kuuingiza garini, au kupanda ngazi nyingi mfululizo, kunachoma kwa mbele pale pale siku zote. Kutembea tambarare hakuna tatizo kabisa, ndo maana fizio aliponitazama natembea alisema safi, na kweli kwa kutembea ni safi, ila kutembea hakuitaji nyonga ikunje sana, kukaa na kuinama ndo kunaitaji.

Sasa kwa nini inagoma. Nyonga ya kuzaliwa inakunja kama digrii 120 hivi kwa mtu mzima mwenye afya, na mwendo wake unasimamishwa na nyama na mishipa inayovutika. Ya bandia ina kichwa kinachokaa juu ya shingo ya chuma, na shingo ikigonga mdomo wa kikombe basi mwendo umeishia hapo, hakuna kujadiliana. Ukilazimisha, mdomo wa kikombe unageuka egemeo, shingo inageuka wenzo, kichwa kinabanduliwa upande wa pili kama unavyofungua soda kwa opena, na hiyo ndo nyonga kuchomoka. Hata isipochomoka, kule kugongana kila siku kunamega ukingo wa plastiki taratibu na kunatikisa kikombe mahali kilipoota na mfupa. Kwa hiyo hii sio habari ya usumbufu wa kuvaa soksi peke yake.

Pembe za kikombe ni mbili na inabidi mnivumilie hapa kidogo maana bila hizi huwezi kuelewa kitu. Ya kwanza ni mlalo, yaani kikombe kimelala au kimesimama kiasi gani ukikitazama kwa mbele, digrii chache kimelala, digrii nyingi kimesimama. Kikilala sana, ukitanua mguu kwenda pembeni au kuukunja sana unagonga mapema. Kikisimama sana mwendo unakuwa mkubwa, unafurahi, lakini mzigo wote wa mwili unabebwa na kipande kidogo cha ukingo, plastiki inalika haraka, na kama kichwa na bitana vyote viwili ni seramiki vinaweza kuanza kulia unapotembea, mlio kabisa mtu wa pembeni anasikia. Ya pili ni kiasi gani kikombe kimegeuzwa kuangalia mbele. Kikiangalia mbele kidogo sana, ukikunja nyonga na kuzungusha mguu kwa ndani shingo inagonga mdomo wa mbele na kichwa kinatafuta njia kwa nyuma. Kikiangalia mbele kupita kiasi, shida inahamia upande mwingine, ukinyoosha mguu nyuma na kuuzungusha nje shingo inagonga mdomo wa nyuma na kichwa kinatafuta njia kwa mbele. Yaani kila digrii unayoongeza upande mmoja umeitoa upande mwingine, hakuna cha bure.

Mwaka 1978 Lewinnek na wenzake walitoa vipimo ambavyo madaktari wa mifupa wanavitaja mpaka leo, eneo salama: mlalo digrii 40, kuangalia mbele digrii 15, ruhusa ya digrii 10 juu au chini kwa kila moja. Walikuwa wameangalia nyonga 300, waliokuwa ndani ya eneo hilo walichomoka asilimia 1.5, walio nje asilimia 6.1. Ukisikia hivyo unaona mambo yamekwisha, weka kikombe pale nenda nyumbani. Kumbe nyonga zilizochomoka kwenye ule utafiti mzima zilikuwa tisa tu, na nadhani hapo kila mtu anaona kwamba sheria ya dunia nzima imejengwa juu ya watu tisa. Baadaye, mwaka 2016, madaktari wa Mayo Clinic ya Marekani walichukua nyonga zaidi ya 200 zilizokwisha kuchomoka wakapima vikombe vyao, wakakuta asilimia 58 vilikuwa ndani ya eneo salama kwa pembe zote mbili. Zaidi ya nusu! Sasa hapo ukipewa ripoti imeandikwa kikombe kipo ndani ya eneo salama unaipeleka wapi.

Mi ripoti yangu ya kushoto iliandikwa hivyo hivyo. Mlalo 38, kuangalia mbele 8. Ukichukua vipimo vya 1978 nipo ndani kabisa, na kwa miezi mingi jibu nililokuwa napewa nikilalamika ni kwamba picha ni nzuri, fanya mazoezi. Picha ni nzuri kweli. Lakini ni picha nimelala chali kitandani, na mi kiungo hiki sikitumii nikiwa nimelala.

Hapa ndo penye utamu wa hii habari nzima, na ndo sehemu ambayo timu iliyonifanyia kulia waliichukulia kwa uzito na ya kushoto hawakuigusa. Kikombe kimefungwa kwenye fupanyonga, na fupanyonga halitulii. Mtu mwenye mgongo laini akikaa, fupanyonga linabiringika kwenda nyuma, wastani kama digrii 20 ukilinganisha na akiwa amesimama, na kila linavyobiringika kikombe nacho kinafunguka kuangalia mbele zaidi, karibu robo tatu ya digrii kwa kila digrii moja ya fupanyonga. Kwa hiyo ukikaa mwili wenyewe unakusogezea mdomo wa kikombe usikutane na shingo, ni mpango mzuri sana ambao hatuujui kama upo. Ila kama mgongo wa chini umekakamaa, kwa umri au baridi yabisi au umefungwa vyuma, fupanyonga halibiringiki, linabaki limesimama vile vile, na ile kazi yote ya kukunja inaangukia nyonga peke yake. Kikombe hakifunguki, paja linakuja juu, shingo inagonga. Mgongo wangu wa chini ni mgumu, nimeishi nao muda mrefu, na katika maandalizi ya nyonga ya kushoto hakuna aliyenigusa mgongo wala kuniuliza.

Kuna na kinyume chake, watu ambao fupanyonga limelala nyuma muda wote hata wakisimama, hao kikombe chao wakiwa wima kinaangalia mbele mno na hatari yao ni kuchomoka kwa mbele wakinyoosha mguu, kwa mfano kugeuka ghafla ukiwa umesimama. Ndo maana dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine na huwezi ukachukua namba za jirani.

Kulia walifanya nini tofauti? Picha za eksrei za pembeni, moja nimesimama, moja nimekaa, wakapima fupanyonga limetembea digrii ngapi katikati ya hizo mbili. Ni picha mbili tu za kawaida. Wakaona halitembei karibu kabisa, basi wakapanga kikombe kiangalie mbele zaidi, ikatoka mlalo 42, mbele 22. Daktari alinionyesha kwenye kompyuta jinsi paja litakavyokuja juu nikikaa na wapi shingo itakaribia mdomo, ilichukua muda mfupi tu na nikaelewa kuliko maelezo yote niliyowahi kupewa.

Na wakanieleza kitu kingine ambacho nilikuwa sijawahi kusikia: kikombe ni nusu ya hesabu. Shina nalo lina pembe yake, shingo ya paja kwa kawaida imegeukia mbele kama digrii 10 hadi 15, lakini watu wanatofautiana mno, na shina lisilo na simenti halikai unavyotaka wewe, linafuata tundu la mfupa lilivyo. Kwa hiyo unachotakiwa kuangalia ni jumla, pembe ya kikombe ukiongeza pembe ya shina, na wengi wanalenga jumla iwe kati ya 25 na 50. Picha ya CT ilionyesha shina langu la kushoto limegeuka digrii 5 tu. Jumlisha na 8 unapata 13. Hapo ndo nikaelewa kwa nini inagoma, kila kipande kikiangaliwa peke yake hakina kesi kubwa, vikikutana ni kesi. Kulia shina lilikaa 12, na 22 ni 34. Ndo maana kuna madaktari wanaanza na shina, wanaona limekaa vipi, afu ndo wanaamua kikombe, na kwa akili ya kawaida tu naona ni busara kwa sababu kikombe unaweza kukichagulia pembe ila shina mara nyingi linakuchagulia lenyewe.

Kile kinachochoma kinena nacho kina maelezo. Kikombe kisipoangalia mbele vya kutosha, ukingo wake wa mbele unaweza kujitokeza nje ya mfupa, na pale pale mbele inapita kano ya msuli wa kunyanyulia paja. Kila nikinyanyua mguu kano inasuguliwa na chuma. Nilikuwa nadhani ni kidonda cha operesheni hakijapona ndani, kumbe wapi.

Kuna suala la upana na urefu pia, nalipitia haraka. Upana ni ule umbali kutoka katikati ya kichwa hadi mstari wa katikati ya mfupa wa paja. Ukipunguzwa, misuli ya pembeni ya tako inalegea, unachechemea, na lile nundu la paja linasogea karibu na fupanyonga hadi mfupa unagonga mfupa hata kama chuma hakijagusana. Ukizidishwa, misuli inavutwa unaumwa pembeni ukilalia. Urefu wa mguu daktari anaweza kuuongeza kidogo makusudi ili kiungo kikaze kisichomoke, halafu wewe unashangaa mguu mmoja umekuwa mrefu. Kwangu pande zote hapa wako vizuri, sina la kulalamika.

Ukubwa wa kichwa. Daktari wa mifupa John Charnley kule hospitali ya Wrightington, Uingereza, alipotengeneza nyonga iliyofungua njia kwa hizi za leo mwaka 1962 alitumia kichwa kidogo cha milimita 22 na kitu, alitaka msuguano uwe mdogo. Kichwa kidogo maana yake shingo inagonga mapema na safari ya kuchomoka ni fupi. Siku hizi 32 na 36 ndo za kawaida kwa sababu plastiki imeboreshwa inavumilia, na kichwa kikubwa kinaipa shingo nafasi zaidi kabla ya kugusa. Ila usidhani ukiongeza tu milimita umemaliza, ukifika saizi fulani kinachogongana sio tena chuma na kikombe, ni mfupa na mfupa, na hapo hata kichwa cha saizi ya chungwa hakikusaidii. Kuna bitana zenye ukingo ulioinuliwa upande mmoja ili kuzuia kuchomoka, zinasaidia upande huo, na zinakula mwendo pale ukingo ulipoinuka, kwa hiyo nazo zinategemea zimewekwa zikitazama wapi. Kuna pia zile za kichwa ndani ya kichwa, kichwa kidogo kinazunguka ndani ya plastiki na plastiki yenyewe inazunguka ndani ya kikombe, wazo la Mfaransa Gilles Bousquet la miaka ya 1970, na kwa wenye migongo iliyofungwa vyuma madaktari wengi wanazipenda sababu zinasamehe. Mi sina hiyo kwa hiyo siitolei nyota.

Kitu ambacho hakisamehi ni chuma kwa chuma, yaani kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha chuma bila plastiki katikati. Hizo zikiwekwa zimesimama sana ukingo unasagana na chembe za chuma zinaingia mwilini, na ndo sehemu ya yaliyotokea kwa zile nyonga za ASR za kampuni ya DePuy zilizorudishwa mwaka 2010, kikombe chake kilikuwa kifupi kuliko nusu duara kwa hiyo kosa dogo la pembe lilikuwa na madhara makubwa. Nataja kwa sababu inaonyesha kifaa na pembe haviachani, kuna vifaa vinavumilia kuwekwa vibaya kidogo na kuna ambavyo havivumilii hata kidogo.

Mtauliza roboti. Kulia walitumia, kushoto walipiga kwa macho na uzoefu. Na kusema haki kwa timu ya kushoto, kupima kwa macho ni kugumu kuliko tunavyofikiri, mgonjwa amelazwa ubavu, amefunikwa, fupanyonga linaweza kubingirika kidogo mezani bila mtu kuona na pembe yote ikahama nalo. Kuna alama za mwilini wanazofuata, kama ule ukano unaopita chini ya tundu la fupanyonga kikombe kinapokaa, na wazoefu wanafanya vizuri sana nao. Roboti inachofanya ni kufikisha kikombe pale palipopangwa kwa usahihi zaidi, hilo halina ubishi. Ila pale palipopangwa pakiwa si pako, itakufikisha pasipo pako kwa usahihi mkubwa. Kwa hiyo kama kuna sehemu inauzwa kwa jina la roboti tu na hawajakupiga picha umekaa, mi ningekuwa mzito kulipia. Zile picha mbili za kukaa na kusimama ndo zilizonisaidia, roboti lilikuja kutekeleza.

Baada ya operesheni, kama uliingiliwa kwa nyuma, watakukataza kukunja zaidi ya digrii 90, kukunja nne, na kuzungusha mguu kwa ndani, kwa wiki kadhaa mpaka nyama zishike. Hayo makatazo matatu ukiyatazama vizuri ni ule ule mkao wa shingo kugonga mdomo wa mbele, sio desturi tu za wauguzi. Wakiingia kwa mbele makatazo ni tofauti na mengine hayapo. Kushoto mi nimebaki nayo kama sheria ya maisha, kulia nilishayasahau.

Je, kushoto nitarudia? Nimeuliza watu wawili tofauti na wote wamesema hapana kwa sasa, haijawahi kuchomoka, kikombe kimeota vizuri, na kukitoa kikombe kilichoota ni operesheni kubwa kuliko ile ya kwanza, unapoteza mfupa. Ikianza kuchomoka au kinena kikawa hakivumiliki tutaongea upya. Nimekubaliana nao.

Kwa anayejiandaa, mwambie daktari wako kabla hujasaini: mgongo wangu mgumu, je, utanipiga picha nimekaa? Unaangalia jumla ya kikombe na shina au kikombe peke yake? Baada ya operesheni nitapewa pembe zangu kwa maandishi? Anayefanya kazi hii kwa umakini hachukii hayo maswali, wa kulia alichukua karatasi akaanza kunichorea kabla sijamaliza. Ukiwa na historia ya mgongo kufungwa vyuma usisubiri uulizwe, sema wewe, na kama mgongo na nyonga vyote vinasubiri operesheni basi waambie madaktari wote wawili waongee, kwa sababu mgongo ukifungwa baadaye ile hesabu ya kikombe inabadilika.

Vikorokoro vya ziada nimalizie navyo: kijiko kirefu cha kuvalia kiatu nyota tano, kwa mguu wa kushoto bado nakitumia kila siku. Kiti cha choo kilichoinuliwa nyota nne, kilinisaidia sana wiki za mwanzo ila hakikisha kinabana vizuri, changu kilikuwa kinateleza. Mto wa kuweka katikati ya magoti usiku nyota mbili, joto na haulali, mto wowote wa kawaida unafanya kazi ile ile.